Kimbilio la Samaki: Kutoka Tangi la Kioo hadi Ziwa Eyasi

Kitunguu chekundu unachokikata jikoni mwako jioni ya leo, uwe Kariakoo au Ngarenaro, huenda kimetoka Mang'ola, katika wilaya ya Karatu. Kimekuzwa kwa maji ya chemchemi zinazobubujika chini ya nyanda za juu za Ngorongoro, karibu na Ziwa Eyasi. Si wengi wanaofahamu kwamba maji hayo hayo yana kazi nyingine ya tangu enzi: ni kimbilio la samaki.

Ziwa Eyasi ni ziwa la ajabu. Lina eneo la kilometa za mraba zipatazo 1,050, na maji yake ni ya chumvi na magadi, kwa kuwa hayana njia ya kutokea kwenda baharini. Katika kiangazi kikali ziwa hukauka karibu lote, hata Wahadzabe na wafugaji wa Kidatoga hulivuka kwa miguu. Zikija mvua kubwa, kama zile za miaka ya El Nino, hufurika, viboko huja, na watu hupata samaki. Hapo ndipo mtoto huuliza swali ambalo wazazi wengi hatuna jibu lake tayari: ziwa likikauka, samaki huenda wapi? Na maji yakirudi, hutoka wapi?

Ili kumjibu vyema, tuingie kwanza sebuleni, tutazame tangi la kioo.

CHUMBA KISICHO NA ADUI

Wako watu wanaofuga samaki wa baharini ndani ya matangi ya kioo kwa ajili ya mapambo na elimu. Kazi hiyo ni ngumu kuliko inavyoonekana. Samaki hula, na alichokula hukitoa. Uchafu huo pamoja na masalio ya chakula huzaa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wema huigeuza kuwa naitriti, kisha naitreti. Naitreti haiui kwa haraka, lakini hulimbikizana siku hadi siku, ikaotesha utelezi wa kijani na kuyadhoofisha matumbawe.

Chujio la kawaida ni kisanduku kinachotundikwa nyuma ya tangi, chenye pampu, sifongo na makaa. Sifongo hunasa uchafu, lakini uchafu ulionaswa bado umo majini, nao huoza humo humo mpaka mwenye tangi aukoshe. Ni sawa na kufagia chumba na kuyaacha mataka nyuma ya mlango.

Ndiyo sababu wafugaji wenye uzoefu hukigeuza kisanduku hicho kuwa kimbilio. Kwanza hutia ndani yake vipande vidogo vya mwamba wa matumbawe, wakangoja majuma kadhaa ili bakteria wapate makao mapya. Baadaye ndipo huondoa sifongo na makaa, tena kidogo kidogo. Kwani anayeyaondoa yote kwa siku moja huwatupa bakteria wake wote, na tangi hulala likiwa salama likaamka na msiba. Nguvu ya pampu hupunguzwa ili maji yapite taratibu. Kisha hutiwa konzi moja ya mwani wa aina inayofanana na nywele zilizosokotana, na wavu mdogo huwekwa kwenye mlango wa kutokea maji usije ukazibwa.

Juu ya kisanduku huwekwa taa, nayo huwashwa usiku, wakati taa ya tangi kubwa imezimwa. Mwani wenye mwanga huvuta hewa ya kaboni iliyomo majini. Kwa hiyo maji hayachachuki usiku kucha. Mwani hula naitreti na kunenepa. Ukijaa, mwenyewe hupunguza nusu yake na kuutupa, na hapo uchafu hutoka tangini kabisa, ukiwa umegeuka kuwa majani.

Faida ya pili ndiyo iliyokipa kisanduku hicho jina lake. Ndani ya mwani huzaliana vidudu vya jamii ya kamba, vidogo kuliko punje ya mchele. Katika tangi kubwa vingeliwa vyote; humu samaki hawafiki. Huzaana kwa amani, na vichache huchukuliwa na mkondo hadi tangini, vikawa chakula kibichi. Basi kisanduku kimoja kimekuwa dobi, ghala na chumba cha wazazi.

Lakini kimbilio lina masharti. Tangi likijazwa samaki kupita kiasi, kisanduku hicho hakitaliokoa. Na taa ikiharibika bila kutengenezwa, mwani hufa, huoza, na kuirudisha sumu yote uliyokuwa umeimeza.

MAMA MWENYE MAYAI KINYWANI

Sasa turudi Eyasi. Katika ziwa hilo yumo perege ambaye wataalamu humwita Oreochromis amphimelas, jina alilopewa na Mjerumani Hilgendorf mwaka 1905. Duniani kote hapatikani kwa asili ila Tanzania, katika maziwa ya chumvi kama Eyasi, Manyara, Kitangiri na Singida. Amekwisha kuingizwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Kama perege wengine wa ukoo wake, mama huyatia mayai kinywani, akawalea humo watoto mpaka waweze kuogelea. Hatari ikitokea, vitoto hukimbilia kinywani tena. Hilo ndilo kimbilio la kwanza, nalo lamtosha mtoto dhidi ya adui mwenye meno. Halimtoshi dhidi ya ukame.

Kamongo hujizika topeni akasubiri mvua. Kambare huweza kuvuta hewa ya juu, akavumilia maji machafu. Perege hana hila hizo. Lazima awe na maji. Ziwa linaposinyaa, maji hubaki mahali pachache tu: kwenye chemchemi na midomo ya mito, kama pale Mto Sibiti unapoingia. Samaki waliomo humo ndio mbegu ya ziwa zima. Mvua zikinyesha, hao ndio hutoka na kuzaa taifa jipya. Ni kisanduku kile kile cha nyuma ya tangi, ila hiki hakikutengenezwa na mtu.

MSITU NDIO PAMPU

Chemchemi za Mang'ola hazijiwezi peke yake. Maji yake huanzia juu, katika msitu wa nyanda za Ngorongoro na mlima Oldeani. Miti hunasa mvua na ukungu, udongo wa volkano huyanywa maji, nayo hupita chini kwa chini mpaka yatokeze bondeni. Hata ndani ya kreta mfano huo umo: Ziwa Magadi ni la chumvi, lakini chemchemi ya Ngoitokitok hutoa maji matamu yanayolisha kinamasi chenye matete na viboko.

Msitu ukikatwa, mvua haizami tena; hushuka kwa kishindo ikibeba udongo. Mto Baray, unaoingia Eyasi upande wa kaskazini mashariki, hubeba tope jingi kuliko zamani kwa sababu ya miti iliyofyekwa huko juu. Tope hilo ni lile sifongo lisilokoshwa.

KITUNGUU NA PEREGE

Tusimlaumu mkulima wa Mang'ola bure. Kitunguu kimejenga nyumba na kusomesha watoto, na sisi wa mijini ndio walaji wake. Lakini maji ya chemchemi yana kipimo. Yakielekezwa yote mifereji ya mashamba wakati wa kiangazi, ziwa likikauka halitabakiza mbegu. Mwaka mmoja kama huo watosha kufuta kazi ya maelfu ya miaka.

Yapo mambo yanayowezekana. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufuko wa ziwa. Matete yakiachwa katika ukanda huo, huchuja udongo na kuficha vifaranga vya samaki. Mifereji iliyosakafiwa hupoteza maji machache kuliko ile ya udongo mtupu. Zamu za maji zikipangwa kwa haki, samaki naye ahesabiwe kuwa mwenye zamu, ili dimbwi la chemchemi lisikaushwe hata siku moja. Wala perege wa mabwawa kutoka kwingine wasimwagwe humo, maana perege huchanganyika damu kwa urahisi, na aliyezoea magadi atapotea bila kufa.

Mtoto akikuuliza tena samaki huenda wapi ziwa likikauka, mjibu hivi: huenda nyumbani kwao kwa zamani, kwenye chemchemi chache chini ya mlima, wakangoja. Akikuuliza kama wataikuta chemchemi hiyo mwaka ujao, mweleze habari ya kitunguu.