Je, Wajua? Boti Isiyo na Propela

Je, wajua kuna boti inayokata maji bila propela nje? Chungulia chini ya tezi ya boti ya jeti: hamna kitu! Pampu huvuta maji kupitia tundu la tumboni, huyatema nyuma kwa nguvu, nayo boti inachomoka.

Na mvumbuzi wa boti ya jeti ya leo je? Bill Hamilton, mfugaji na fundi wa New Zealand! Miaka ya 1950 alitaka kupanda mito ya kwao yenye mawe tele na maji haba. Boti ya namna hii ikishika kasi hupita penye kina cha sentimita 10 tu. Weka kiganja chako, upime!

Mwaka 1960 boti zake zikapanda Mto Colorado kupitia Grand Canyon, kinyume cha mkondo. Mwaka 1977 Edmund Hillary, yuleyule aliyeupanda Mlima Everest, akaupanda Mto Ganges kwa boti za jeti akitokea baharini. Hebu fikiria!

Lakini shika hili wewe unayetaka kuinunulia familia boti hii: ukiachia mafuta, usukani nao unalala! Maji yanayotemwa ndiyo yanayoigeuza boti. Yakipungua, zungusha utakavyo, inakwenda tu kule ilikokuwa ikielekea. Kabla hujalipa, omba kuijaribu penye nafasi, achia mafuta, uone mwenyewe.

Kurudi nyuma? Kifuniko hushuka kwenye mdomo wa pampu, maji yakageuzwa kuelekea mbele. Mara nyingi pampu haibadilishi hata mzunguko wake!

Watoto wanapenda kuvutwa kwa mbao za kutelezea? Mchezo huo ulianzishwa na Ralph Samuelson mwaka 1922, huko Minnesota, akiwa na miaka 18 tu. Kwenye jeti hakuna propela nje ya kumkata anayeogelea karibu na tezi, raha iliyoje! Ila lile tundu la tumboni hufyonza kamba, hata nywele ndefu. Zima injini kabla mtu hajapanda.

Na moshi je? Una kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na hujikusanya nyuma ya tezi. Usimwache mtoto aning'inie pale injini ikinguruma.

Halafu tafuta kibao karibu na usukani. Marekani, boti za kawaida za injini zisizofika futi 20 lazima ziwe nacho: watu wangapi, uzito kiasi gani. Hesabu na mizigo, ndugu yangu!