Upepo wa Turkana na ardhi yetu: makaratasi kwanza, mradi baadaye

Katika Birere, bei ya unga inafuata bei ya mazutu. Mazutu ikipanda, mwenye mashini ya kusaga naye anapandisha, na mama aliyeleta kilo kumi za mahindi ndiye anayelipa. Kwa hiyo wanachama wa koperative wakisikia mradi wa umeme unakuja, wanafurahi kwanza, maswali yanakuja nyuma. Sisi tunasema: tuulize kwanza. Tuangalie yaliyotokea kaskazini mwa Kenya.

Upepo unaofanya kazi

Kule Loiyangalani, kaunti ya Marsabit, karibu na ziwa Turkana, mvua ni kidogo sana. Watu wanaishi kwa ngamia, mbuzi na ng'ombe. Lakini kuko upepo: unapita kati ya milima ya Kulal na Nyiru kama kwenye mlango mwembamba. Kampuni ya Lake Turkana Wind Power ilisimamisha pale mitambo 365. Upepo unasukuma mabawa, mabawa yanazungusha mashini ya umeme iliyo juu ya mlingoti. Mtambo mmoja unatoa hadi kilowati 850. Yote pamoja ni megawati 310. Hakuna mazutu, hakuna moshi.

Mitambo ilikuwa tayari 2017, lakini ilikaa bila kazi mpaka 2018, sababu waya ya kilometa zaidi ya 400 mpaka Suswa haikuwa imeisha. Wakulima wa viazi wa Masisi wanaelewa hii vizuri: mavuno bila barabara ni hasara.

Ardhi ilikuwa ya nani?

Kampuni ilipewa eka 150,000. Ilikuwa ardhi ya jamii. Warendile, Wasamburu na Waturkana walikuwa wanalisha mifugo pale. Kuko faida iliyofika: barabara ya zaidi ya kilometa 200 kutoka Laisamis ilitengenezwa. Lakini 2014 wakaaji walienda kortini juu ya ardhi. Oktoba 2021, korti ya mazingira na ardhi ya Meru ilisema hati zilipatikana bila kufuata sheria, ikatoa mwaka mmoja wa kusahihisha. Mei 2023 ikakataa kuongeza muda. Mitambo iliendelea kuzunguka, na neno la ardhi likabaki halijaisha.

Na sisi hapa Kivu?

Kwetu umeme unatoka zaidi kwa maji, kama pale Matebe, Rutshuru. Lakini swali la ardhi ni lile lile. Sheria ya 20 Julai 1973 ilisema udongo ni mali ya Leta, na familia nyingi zinalima kwa haki ya mila tu, bila karatasi. Siku mradi wa maji, upepo ao jua unafika, asiye na karatasi anasikilizwa wa mwisho.

Basi, ndugu wanachama, tufanye haya mbele mradi haujafika:

- Tutembelee mipaka pamoja na majirani, wazee na shefu wa lokalite, halafu tuichore kwenye karte.
- Tuandike PV ya mkutano. Wamama na vijana nao watie sahihi, kopi moja ibaki kwa koperative.
- Penye pori la jamii, tuulize juu ya konsesio ya pori ya jamii. Amri ya 2 Agosti 2014 inaruhusu kuomba mpaka hektari 50,000.
- Wenye mradi wakifika, tuulize: umeme utashuka wapi? Mashini yetu ya kusaga itaungwa? Malipo ni ya mara moja ao ya kila mwaka, na nani atayapokea? Majibu yote yaandikwe.

Kazi hii haiombi feza nyingi. Inaomba siku mbili tatu za kutembea na kalamu moja. Ianze mbele ya msimu unaokuja, wakati mashamba bado yako wazi na mipaka inaonekana.