Kai-mraba: Tofauti ya kweli au bahati tu?

Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba katika Oman zaidi ya nusu ya ndoa zilifungwa baina ya jamaa au watu wa kabila moja. Jambo hilo lina uzito wa kitabibu: mtoto hupata maradhi ya selimundu au thalasemia kwa kurithi kasoro kutoka kwa baba na mama kwa pamoja, na wazazi wenye asili moja huenda wakawa na kasoro ileile.

Tuseme mtafiti anataka kujua iwapo desturi hii inatofautiana baina ya Ibra na Sur, zilizoko Ash Sharqiyah, na Nizwa ya Ad Dakhiliyah. Katika kila mji anahoji mume na mke wa nyumba 100. Tubuni nambari, kwa kufundishia tu: waliooana kwa ujamaa ni 60 Ibra, 45 Sur na 57 Nizwa. Jicho litakimbilia kusema kwamba watu wa Sur, mabaharia tangu zama, huoa mbali.

Jaribio la kai-mraba, alilolieleza Mwingereza Karl Pearson mwaka 1900, huanza kwa kudhani kuwa mji hauna athari yoyote. Jumla ni 162 kati ya 300, hivyo kila mji ungetarajiwa kuwa na ndoa 54 za jamaa na 46 zisizo za jamaa. Katika kila chumba cha jedwali, tafuta tofauti ya kilichoonekana na kilichotarajiwa, izidishe kwa yenyewe, igawe kwa kilichotarajiwa, kisha jumlisha vyumba vyote sita. Jibu ni 5.07. Kikomo cha jedwali kama hili, ambacho bahati pekee hukivuka takriban mara 5 katika 100, ni 5.99. Halikufika; Sur bado haijathibitika kuwa mbali na wenzake.

Lau zingehojiwa nyumba 200 kila mji, na uwiano ukabaki uleule, jibu lingekuwa 10.14. Ndiyo maana hesabu hii hutumia idadi halisi, wala si asilimia.

Sharti gumu zaidi, hasa penye koo kubwa, ni kwamba kila ndoa isimame peke yake. Mtafiti akihoji ndugu sita wa mtaa mmoja, huenda amepata uamuzi wa babu mmoja uliorudiwa mara sita, na kai-mraba itavimba bila haki. Hata ikivuka kikomo kwa haki, haisemi kama sababu ni bahari, elimu au kipato; hayo yataka kuulizwa upya, nyumba kwa nyumba.