Uspika wa Bunge: Kura ni za wabunge, mchujo ni wa chama

JANUARI 6, 2022, Job Ndugai alikuwa Spika wa kwanza wa Bunge la Tanzania kujiuzulu. Kauli zake kuhusu mikopo ya Serikali zilikuwa zimezua lawama ndani ya CCM, akaomba radhi hadharani, lakini radhi haikutosha. Taarifa yake kwa umma ilieleza kuwa barua ya kujiuzulu ameiandika kwa Katibu Mkuu wa chama hicho.

Anuani hiyo ilizua mjadala, na si bure. Kwa mujibu wa Ibara ya 84 ya Katiba, Spika huchaguliwa na wabunge, kutoka miongoni mwao au miongoni mwa watu wenye sifa za kuwa wabunge. Waziri au Naibu Waziri haruhusiwi kushika wadhifa huo, ili anayesimamia Serikali asiwe sehemu yake.

Mambo hayakuwa hivyo siku zote. Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, lililoanza mwaka 1926, liliongozwa na Gavana mwenyewe hadi 1953 lilipopata Spika. Wakati wa uhuru kiti kilikuwa cha Abdulkarim Karimjee. Mwaka 1962 akamrithi Chifu Adam Sapi Mkwawa, aliyeongoza hadi 1994, isipokuwa kati ya 1973 na 1975 alipokuwapo Chifu Erasto Mang'enya. Sehemu kubwa ya kipindi hicho ilikuwa ya chama kimoja, na ushindani wa kiti haukuwa mkubwa.

Pius Msekwa, aliyepata kuwa Katibu wa Bunge, alilivusha Bunge katika mfumo wa vyama vingi hadi 2005.

Aliyekitikisa kiti hicho zaidi ni Samuel Sitta, kwa kaulimbiu yake ya kasi na viwango. Chini yake Kanuni za Bunge zilifanyiwa mabadiliko mwaka 2007, na Februari 2008 ripoti ya Kamati Teule iliyoongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe kuhusu mkataba wa umeme wa Richmond ilifuatiwa na kujiuzulu kwa Waziri Mkuu, Edward Lowassa.

Hata hivyo, mwaka 2010 Sitta hakufika mbele ya wabunge kutetea kiti chake. Vikao vya CCM viliamua kwamba mgombea wake safari hiyo awe mwanamke. Anne Makinda, aliyekuwa Naibu Spika, akapitishwa na kuwa mwanamke wa kwanza kukalia kiti hicho. Uamuzi huo uliweka historia, na papo hapo ukamwondoa Spika aliyeisumbua Serikali.

Baada ya Ndugai, wabunge walimchagua Dk. Tulia Ackson Februari 1, 2022. Novemba 2025 walimchagua Mussa Azzan Zungu. Wote wawili walikuwa Manaibu Spika, na wote walipitishwa kwanza na vikao vya chama.