Kazi za Kesho Ulaya Zina Wenyewe, na Wenyewe Wanastaafu

Swali ni lilelile, waulizaji ndio wanaobadilika. Mara ni mzazi ambaye mwanawe amemaliza kidato cha nne, mara ni kijana mwenye shahada anayezunguka na bahasha, mara ni mwalimu anayeandaa siku ya ushauri wa kazi shuleni kwake. Wote huanza na takwimu moja: "Mtaalamu, tunasikia asilimia 85 ya kazi za mwaka 2030 bado hazijavumbuliwa. Sasa watoto wasome nini ili wapate ajira Ulaya?" Nimekuwa nikilijibu kwa ufupi na kwa upole. Leo nalijibu kwa kirefu, kwa sababu takwimu hiyo haina msingi, na inawapotezea vijana miaka ambayo hakuna atakayewarudishia.

Ilitoka wapi? Mwaka 2017 kampuni ya kompyuta ya Dell Technologies ilitoa ripoti iliyoandaliwa na Institute for the Future, taasisi ya huko California. Humo mliandikwa kwamba takribani asilimia 85 ya kazi ambazo wanafunzi wa wakati ule wangezifanya mwaka 2030 zilikuwa hazijavumbuliwa. Hapakuwa na sensa nyuma ya namba hiyo, wala dodoso, wala hesabu ya uchumi. Yalikuwa makisio ya wataalamu waliokutana kwenye warsha. Mwaka mmoja kabla, Jukwaa la Uchumi Duniani lilikuwa limechapisha namba ya aina hiyohiyo: asilimia 65 ya watoto wanaoanza shule ya msingi watafanya kazi za aina mpya kabisa. Jukwaa lenyewe lilisema ni makisio yaliyozoeleka tu. Namba hiyo ilikuwemo pia katika kitabu cha Cathy Davidson cha mwaka 2011. Mwaka 2017 kipindi cha BBC cha More or Less, ambacho kazi yake ni kuchunguza takwimu, kilitafuta utafiti ulioizaa. Hakikuupata.

Namba isiyo na utafiti huweza kusadifu ukweli kwa bahati, kwa hiyo tuipime. Shirika la Kazi Duniani lina orodha rasmi ya kazi zote za binadamu. Toleo la kwanza ni la mwaka 1958, kisha likapitiwa upya mwaka 1968, 1988 na 2008. Toleo la sasa lina aina 436 za kazi, kila moja na namba yake, na nchi za Ulaya huhesabu wafanyakazi wao kwa kufuata mpangilio huo. Fungua uone: muuguzi ni 2221, fundi bomba ni 7126, mchomeleaji vyuma ni 7212, fundi umeme wa majengo ni 7411, dereva wa lori kubwa ni 8332. Ni kazi gani kati ya hizo haikuwepo mwaka 1958? Kazi mpya zipo, sikatai. Watengenezaji wa tovuti wana namba yao leo, na mwaka 1988 hawakuwa nayo. Lakini nusu karne nzima, iliyoleta kompyuta, simu ya mkononi na intaneti, imeacha sehemu kubwa ya orodha ikiwa na kazi ambazo babu zetu wangezitambua mara moja. Anayedai kwamba miaka 13 ingetosha kupindua asilimia 85 ya ajira za kizazi kizima atuambie nani atawauguza wagonjwa, nani atafundisha, nani atapika na nani ataendesha malori.

Hapo hutolewa hoja ya pili: "Lakini mashine na akili mnemba zinakuja kuzifuta hizo kazi." Na hapa pia kuna namba inayozunguka bila maelezo. Mwaka 2013 Carl Benedikt Frey na Michael Osborne wa Chuo Kikuu cha Oxford walichambua aina 702 za kazi za Marekani, wakakadiria kwamba asilimia 47 ya ajira ziko katika hatari kubwa ya kuchukuliwa na kompyuta. Mwaka 2016 Melanie Arntz na wenzake, wakiliandikia shirika la ushirikiano wa kiuchumi la OECD, walipima upya katika nchi 21 na kupata wastani wa asilimia 9. Tofauti hiyo ina sababu moja kubwa: wa kwanza waliihukumu kazi nzima kwa jumla, wa pili walitazama majukumu anayoyafanya kila mfanyakazi ndani ya kazi yake. Majukumu ndiyo yanayokufa na kuzaliwa kwa kasi. Kazi yenyewe hubaki na jina lake, huku ujuzi unaodaiwa ukibadilika.

Mtazame fundi wa mabomba na mifumo ya kupasha joto nyumba Ujerumani. Amezoea boila ya gesi inayochemsha maji hadi nyuzi 60 au 70 na kuyasukuma kwenye redieta za ukutani. Sasa anaitwa kufunga pampu ya joto inayotumia umeme, na pampu hiyo hula umeme kidogo zaidi maji yakiwa ya nyuzi 35 au 45. Kwa hiyo kabla hajashika spana inambidi akokotoe kila chumba kinapoteza joto kiasi gani, aangalie kama redieta zilizopo ni kubwa za kutosha, asawazishe mtiririko wa maji, kisha aelewe upande wa umeme. Akitaka kufungua mzunguko wa gesi ya kupoozea yenye florini, sheria ya Umoja wa Ulaya inamdai cheti maalumu. Mafunzo yake ya awali ni yaleyale ya miaka mitatu na nusu, na mwajiri bado anamtafuta kama fundi wa mabomba na upashaji joto. Mzazi anayemwachisha mwanawe ufundi bomba ili asubiri "kazi ya kesho" hajui kwamba amemwondoa kwenye hiyo kazi ya kesho yenyewe.

Sasa tuje kwenye utabiri unaostahili jina hilo. Umoja wa Ulaya una kituo chake cha mafunzo ya ufundi, Cedefop, kilichoanzishwa mwaka 1975 na chenye makao Thessaloniki, Ugiriki, tangu mwaka 1995. Hesabu yake huanzia kwa watu: wangapi wamezaliwa, wangapi wanazeeka, wangapi wanatafuta kazi. Kisha hukadiria kila sekta itazalisha nini, itahitaji wafanyakazi wangapi, na wa aina gani. Hatua ya mwisho ndiyo ambayo wapenzi wa takwimu za kutisha huiruka: kuhesabu nafasi zitakazoachwa wazi na wanaostaafu au kuondoka. Katika makadirio iliyoyatoa mwaka 2018, Cedefop ilitarajia nafasi zaidi ya milioni 150 zifunguke kati ya mwaka 2016 na 2030, na takribani tisa katika kila kumi zilikuwa za kuziba pengo la aliyeondoka. Ajira mpya kabisa zilikuwa ile moja iliyobaki. Hata kilimo, ambacho ajira zake Ulaya zinapungua, huhitaji watu wa kurithi nafasi za wazee.

Ndiyo maana asilimia ya ukuaji ikitajwa peke yake hupotosha. Chukua mfano wa kubuni. Kazi yenye watu 10,000 ikikua kwa asilimia 50 imeleta nafasi 5,000. Kazi yenye watu milioni mbili isiyokua hata kidogo, ikipoteza asilimia 3 ya watu wake kila mwaka, hufungua nafasi 60,000 kwa mwaka mmoja tu. Ya kwanza huandikwa magazetini. Ya pili ndiyo inayoajiri.

Na pengo hilo linajulikana mapema. Mwaka 1964, Ujerumani mbili, Mashariki na Magharibi, kwa pamoja zilipata watoto wapatao milioni 1.36, kilele cha uzazi wa baada ya vita. Sheria ya huko imeweka umri wa kustaafu wa kawaida kuwa miaka 67 kwa waliozaliwa kuanzia mwaka huo, maana yake wanaondoka kazini mwaka 2031. Mwaka 2023 Ujerumani ilipata watoto takribani 693,000, karibu nusu. Hakuna uvumbuzi unaohitajika kuliona hilo, daftari la vizazi linatosha. Linganisha na orodha za uhaba ambazo EURES, mtandao wa ajira wa Ulaya, umekuwa ukizitoa: wauguzi, mafundi bomba, wachomeleaji, mafundi umeme, waashi, wapishi, madereva wa malori. Zote ni kazi kongwe.

Ila uhaba huo haumaanishi kuna kiti kinachokusubiri. Kenya na Ujerumani ziliposaini mkataba wa uhamiaji na ajira Septemba 2024, habari za nafasi 250,000 zilienea kila kona, na serikali ya Ujerumani ikakanusha waziwazi: mkataba hauna idadi yoyote. Wakala anayekuuzia "nafasi" kwa namba hiyo ni mwongo. Achana naye.

Haya, ya kufanya. Chagua ufundi au taaluma inayotumika pia nyumbani, ili mpango wa Ulaya ukikwama usibaki mikono mitupu. Anza lugha kabla ya kitu kingine chochote: kwa mafunzo ya uanagenzi Ujerumani kwa kawaida utadaiwa Kijerumani cha kiwango cha B1, na kwa uuguzi B2, na mitihani hufanyika Goethe-Institut, Nairobi na Dar es Salaam. Uanagenzi huchukua miaka miwili hadi mitatu na nusu, na unalipwa posho unapojifunza. Kama tayari una cheti, uliza kwanza kuhusu utambuzi wake: wanalinganisha maudhui na muda wa masomo yako na ya kwao, kwa hiyo tunza silabasi na barua za waajiri. Kadi ya fursa ya Ujerumani, iliyoanza Juni 2024, inakupa hadi mwaka mmoja wa kutafuta kazi ukiwa hukohuko, lakini inadai mafunzo ya angalau miaka miwili au shahada inayotambuliwa nchini kwako, Kijerumani cha A1 au Kiingereza cha B2, angalau alama sita katika mfumo wa kupima sifa za mwombaji, na fedha za kujikimu. Muuguzi wa Tanzania ajue kwamba nchi yake imo katika orodha ya mwaka 2023 ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya. Kwa hiyo tahadhari na mawakala wanaokusanya wauguzi, maana nchi hizo hazipaswi kuwindwa wafanyakazi. Kuomba mwenyewe hakujakatazwa. Na kila nchi ya Umoja wa Ulaya ina sheria zake, usichukue za Ujerumani ukazipeleka Uholanzi.

Kisha hesabu miaka. Kijana anayeanza Kijerumani mwaka 2026, akaingia uanagenzi wa fundi wa mabomba na upashaji joto Septemba 2027, atahitimu mapema mwaka 2031, wakati waliozaliwa mwaka 1964 wanakabidhi vifaa. Anayesubiri kazi ambayo bado haijavumbuliwa atakuwa ameongeza umri tu.