Homa Imekwisha, Mgongo Bado Unauma: Tufanye Nini?



Tunapotembelea sharika za kando ya ziwa, kama Igombe na Kayenze, tunakutana na watu waliougua homa, wakapona, lakini mgongo ukabaki unauma. Mama hawezi kuinama kuanika dagaa. Mvuvi hawezi kuvuta nyavu. Baadhi huitwa wavivu. Wengine hununua vidonge vya maumivu kila siku mpaka akiba ya nyumba inakwisha.

Maumivu haya si uvivu, na nchi yetu inayafahamu tangu zamani. Mwaka 1952 hadi 1953 ulizuka ugonjwa huko Newala, kusini mwa Tanzania. Uliitwa chikungunya, neno la Kimakonde linaloeleza jinsi mgonjwa anavyojipinda kwa maumivu. Virusi vyake huenezwa na mbu, na maumivu yaweza kudumu miezi mingi. Homa ya dengi, iliyozuka Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, mafua makali na UVIKO-19 pia huumiza misuli.

Mwili unapopigana na virusi, misuli huuma. Mgonjwa akilala siku nyingi, misuli ya mgongo hudhoofika. Akiogopa maumivu, huikaza, nayo huchoka na kuuma zaidi. Kwa hiyo dawa si kulala tu, wala si kurudi ghafla kwenye ndoo ya lita 20. Ni kujongea kidogo kidogo.

Homa ikishakwisha, fanya hivi mara mbili kwa siku, juu ya mkeka:

1. Lala chali, kunja magoti, weka mkono tumboni. Vuta pumzi kwa pua mpaka tumbo liinuke, kisha itoe polepole. Dakika 5.
2. Kaza misuli ya miguu, hesabu hadi 5, kisha iachie kabisa. Endelea hivyo na tumbo, mikono na mabega.
3. Vuta goti moja kifuani, hesabu hadi 10, badilisha. Mara 5 kila upande.
4. Piga magoti na kushika chini kwa mikono. Inua mgongo kama paka, kisha ushushe taratibu. Mara 5.
5. Tembea dakika 10 mahali tambarare. Ongeza kidogo kila juma.

Maumivu yakizidi hadi kesho yake, punguza. Kitambaa cha maji ya moto kiasi husaidia kulegeza misuli.

Nenda hospitali bila kuchelewa ukiona miguu inakosa nguvu, ganzi kati ya mapaja, au mkojo na choo visivyozuilika. Vivyo hivyo kwa maumivu ya kifua au kukosa pumzi. Homa ikirudi, pima malaria. Ukikonda, kutoka jasho usiku, au maumivu yakizidi kila juma, mwone daktari, kwani kifua kikuu huweza kushika uti wa mgongo. Na mwenye uchovu unaozidi baada ya kazi ndogo asijilazimishe. Apate ushauri kwanza.

Wanakamati, tunaomba jambo moja. Anayetoka kuugua apewe kazi nyepesi kwa majuma machache, na jirani amchotee maji. Wafadhili, tunawashukuru, msaada huu hauhitaji mashine. Unahitaji mkeka, subira, na watu wanaomwamini mgonjwa anaposema bado anaumwa.