Volteji, Mkondo na Ukinzani: Istilahi na Hesabu za Umeme kwa Mifano ya Garissa

1. Utangulizi

Katika shule za Kenya fizikia hufundishwa kwa Kiingereza, lakini taa, nyaya na betri hununuliwa na kufungwa kwa lugha nyingine. Mjini Garissa, ambako wakazi wengi ni wasemaji wa Kisomali, Kiswahili ndicho aghalabu huwaunganisha mwenye duka, fundi na mtumishi aliyetoka sehemu nyingine ya nchi. Makala haya yanachunguza kama istilahi za Kiswahili zinatosha kubeba hesabu za umeme, na yanaonyesha hasara inayotokea dhana mbili zinapopewa neno moja.

2. Maneno yenyewe

Neno umeme lilianza kwa kutaja mwako wa radi, kisha likapanuliwa maana. Nchini Kenya watu wengi husema stima, neno lililotokana na jina la mvuke katika Kiingereza. Kisomali nacho kina koronto, kutoka neno la Kiitaliano lenye maana ya mkondo. Maneno haya yote yanataja kitu kizima bila kuchambua sehemu zake. Mwanafizikia huhitaji sehemu nne.

Volteji ni msukumo unaoliendesha umeme katika waya, nayo hupimwa kwa volti. Mkondo ni kiasi kinachopita kwa kila sekunde, nao hupimwa kwa ampea. Istilahi hii ni ya kufaa sana, kwa sababu msemaji wa kando ya Mto Tana tayari anajua mkondo wa maji ni nini. Ukinzani, unaopimwa kwa omu, ni kiasi ambacho waya au chombo huuzuia mkondo. Neno hili limetokana na kitenzi kinza, nalo linafaa kuliko upinzani, ambalo limekwisha kuzama katika siasa. Nguvu ni kasi ya kufanya kazi, nayo hupimwa kwa wati.

Tatizo liko katika neno hili la mwisho. Katika mazungumzo ya kila siku nguvu hutumika kwa volteji, kwa wati, na hata kwa nishati iliyomo ndani ya betri. Mtu akisema kwamba umeme wa nyumba fulani hauna nguvu, msikilizaji hawezi kujua kama volti zimepungua au wati hazitoshi. Wanafizikia wa Kiswahili wamekwisha kuitenga kani kwa maana ya msukumo wa vitu. Bado nguvu haijawekewa mpaka kama huo katika usemi wa mafundi.

3. Hesabu

Georg Simon Ohm alitangaza kanuni yake mwaka 1827. Kwa kanuni hiyo ukinzani (R) ni volteji (V) ikigawanywa kwa mkondo (I). Nguvu (P) ni volteji mara mkondo. Kwa kuunganisha kanuni hizi mbili hupatikana ya tatu: nguvu inayopotea katika waya ni mkondo mara mkondo mara ukinzani.

Tuseme birika la umeme la volti 240, kiwango cha kawaida cha nyumba nchini Kenya, linavuta ampea 10. Ukinzani wake ni 240 ÷ 10, yaani omu 24. Nguvu yake ni 240 × 10, yaani wati 2,400.

Sasa na zilinganishwe taa mbili za wati 60. Ya kwanza imeunganishwa na volti 240: mkondo wake ni ampea 0.25. Ya pili inatumia betri ya volti 12 inayochajiwa na paneli ya jua: mkondo wake ni ampea 5. Kwa lugha ya wati taa hizi ni sawa. Kwa waya si sawa hata kidogo. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5, mita 10 kwenda na mita 10 kurudi, una ukinzani wa takriban omu 0.23. Ampea 0.25 zikipita humo, wati 0.014 tu hupotea. Ampea 5 zikipita, hupotea wati 5.75, yaani mara 400 zaidi, na volti 1.15 kati ya zile 12 haziifikii taa.

Hapo ndipo upungufu wa neno unapogeuka kuwa gharama. Mnunuzi aliyeambiwa kwamba betri ya volti 12 “ina nguvu ndogo” atadhani waya mwembamba unatosha. Ukweli ni kinyume chake: kwa wati zilezile, volteji ikiwa ndogo mkondo huwa mkubwa, na waya hutakiwa uwe mnene. Mwembamba huifanya taa ififie, na mkondo ukizidi uwezo wake huweza kupata moto hata kuunguza nyumba.

4. Kutoka nyumbani hadi kwenye gridi

Kanuni hiyohiyo inaeleza mitambo mikubwa. Kwa miaka mingi miji ya Kaskazini Mashariki, kama vile Wajir na Mandera, ilitegemea jenereta za dizeli zilizo karibu na watumiaji. Mwezi wa Desemba 2019 Rais Uhuru Kenyatta alizindua kituo cha umeme wa jua cha Garissa chenye uwezo wa takriban megawati 50. Laini inayoiunganisha Garissa na gridi ya taifa ni ya volti 132,000. Katika mfumo wa fezi tatu nguvu ni volteji mara mkondo mara 1.73, kwa hiyo megawati 50 zikipita katika laini ya namna hiyo zingehitaji takriban ampea 219. Kwa volti 415 zingehitajika takriban ampea 69,600, na katika nyaya zilezile upotevu ungezidi mara 100,000.

5. Hitimisho

Ni dhahiri kwamba Kiswahili hakikosi maneno. Kinachokosekana ni nidhamu ya kuyatumia. Inafaa neno nguvu, linapohusu umeme, liachiwe wati peke yake, na waandishi wa vitabu, watangazaji na watayarishaji wa maelezo ya vifaa wataje volteji na mkondo kwa majina yake. Aidha, istilahi zijaribiwe madukani na kwa mafundi, si katika kamati tu. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi za Kenya. Wadhifa huo utakuwa na maana huko Garissa pale mnunuzi atakapoweza kuuliza kwa Kiswahili waya huu unastahimili ampea ngapi, naye akajibiwa kwa Kiswahili.